Akitaka sigara, mtandikie kisoro

Katika mkutano wetu mmoja dada alituambia kwa huzuni kwamba mtoto wake wa miaka mitatu anakohoa usiku, na papa anavuta ndani ya nyumba kila mvua inaponyesha. Amesema, amegombana, amezificha sigara. Faida aliyopata ni kwamba papa sasa anaenda kuvutia nyuma ya choo, kisha anarudi na hasira.

Wengi wetu tulijiona katika maneno yale. Kugombeza tunajua sana! Na gharama tunaijua: sigara zinanunuliwa moja moja kwenye kibanda, hakuna anayeona pesa zinavyokwenda mpaka siku ya kulipa masomo ya watoto.

Sisi tunaofundisha wadogo tumejifunza kwamba mtoto anayelilia kitu ukimwambia "acha", analia zaidi. Ukimpa kazi ya mikono, ananyamaza. Hamu ya sigara haiko mbali na hapo. Mwili uliozoea nikotini ukiikosa unaidai. Lakini hamu hiyo inapanda kama wimbi la ziwa, na mara nyingi baada ya dakika chache inashuka yenyewe, hata kama mtu hakuvuta. Shida ni kuzivuka dakika zile.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio dogo la vijana 31. Baadhi yao walipewa mchezo wa Tetris, ule wa kupanga vipande vinavyoanguka kwenye kioo cha simu, wacheze dakika 3 tu. Hamu yao ya chakula, kahawa, sigara na mengine ilipungua kwa karibu moja ya tano. Haikuisha, ilipungua. Watafiti walieleza kwamba anayetamani kitu anakiona kichwani mwake; akili ikishikwa na vipande, ile picha inakosa nafasi.

Kwetu si lazima simu. Kisoro kipo: mashimo 32, mbegu 64, na kichwa kinachohesabu mbele. Mkono uliozoea kushika sigara unashika mbegu. Dada yetu alichimba mashimo uani, akamngoja papa amalize kula jioni, maana hapo ndipo hamu inapomsumbua zaidi. Habari ya sigara hakuigusa. Alimwambia tu: "Papa, leo nitakushinda." Hakumshinda, lakini walicheza mpaka giza.

Msidhani kila mchezo unafaa. Dame inayochezwa penye pombe na wavutaji inaongeza moshi, kwa kuwa kila anayengoja zamu yake anawasha. Na michezo ya simu ya kuweka pesa inaondoa deni moja na kuleta lingine. Tena siku za kwanza mtu anakuwa mkali, halali vizuri, kichwa kinamuuma. Hiyo ni nikotini inayotoka, si chuki kwa mke. Anayewasha sigara mara tu akiamka, kisoro peke yake hakitamtosha. Aende pia kwa muuguzi wa kituo cha afya.

Binti yao mkubwa alileta mchezo wake: kila siku isiyo na sigara, haragwe moja ndani ya chupa. Siku ya kumi papa alivuta kwenye matanga ya jirani, akakiri mwenyewe. Binti akataka kuimwaga chupa yote. Mama akakataa, na tulimsifu, kwani hata shuleni hatufuti pointi za mwezi uliopita kwa sababu mtoto ameshindwa jaribio la leo. Siku ile haikupata haragwe, basi. Kesho yake wakaendelea.

Juma hili chupa ina maharagwe 23. Papa anavuta mara moja moja bado, lakini ndani ya nyumba hapana. Malalamiko yake makubwa sasa ni kwamba mke wake anaiba mbegu.