Rangi ya Askari Wetu Si Masizi

Mwezi uliopita nilikuwa Muthara, Tigania, kule Meru, kwa shemeji yangu. Watu wa pwani tukisikia Meru fikira zetu huenda kwenye miraa. Mimi nilibeba brashi tatu, rangi za akriliki na kijisanduku cha askari wadogo wa madini, wa milimita 54, ambao nimekuwa nikiwapaka rangi kwa miaka sasa. (Wako watakaoniuliza kuhusu sanamu. Hilo nimelizungumza na ustadhi wangu, na leo si mada.)

Jirani mmoja, mzee ambaye baba yake alikwenda Burma na King's African Rifles, alimshika askari niliyekuwa nimemmaliza, akamgeuza. "Kijana, huyu mlimtoa motoni?" Kisha akaleta picha ya baba yake, ya zamani, nyeusi na nyeupe, akataka nimtengenezee mmoja.

Kosa langu ni kosa la wengi. Maelekezo ya sandukuni huwapa wazungu rangi tatu nne za uso, na Mwafrika kichupa kimoja. Ukipaka hiyo moja, pua na macho hupotea, unabaki na kibonge cha masizi. Ukijaribu kuongeza mwanga kwa rangi nyeupe, uso unageuka kijivu. Sisi tuna neno lake: amepauka, kama mtoto aliyetoka kuoga asipakwe mafuta.

Picha haikuwa na rangi, basi mzee akakunja mkono wa shati. "Alikuwa kama mimi." Nikachanganya rangi nikiipima kwenye mkono wake. Nilianza na kahawia iliyokolea, nikatia nyekundu kidogo, na tone la buluu kuizima. Nyeusi sikuigusa. Kwenye vivuli, chini ya kofia na kando ya pua, nilirudia mchanganyiko huohuo nikizidisha buluu na kuuzimua kwa maji mpaka ukatiririka wenyewe kwenye mikunjo. Mwanga nikaupata kwa njano ya udongo na chungwa kidogo.

Lililo gumu zaidi ni mng'ao. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, kwa hiyo ule unaong'aa juu yake huonekana wazi na wenye ukingo mkali. Mtazame mvuvi akitoka majini saa sita: begani ana buluu ya mbingu. Kwa hiyo weka kidoa kidogo kwenye paji la uso, ncha ya pua na mfupa wa shavu, usikisambaze. Jicho nalo lisiwe jeupe pe. Tia kahawia kidogo, la sivyo askari ataonekana ameona jini.

Tena si wote rangi moja. Arab Rifles, kikosi alichokiunda Arthur Wavell hapa Mombasa mwaka 1914, na ambaye aliuawa Mwele, Kwale, Januari 1916, ukikipaka kwa kichupa kilekile cha Burma umewadhulumu wote wawili. Hata sanamu za askari pale Barabara ya Digo zisikudanganye: ile ni rangi ya shaba, si ya ngozi.

Baba wa mzee nilimvika kofia pana ya ukingo uliokunjwa upande mmoja na nguo za kijani, kama walivyovaa wa Divisheni ya 11 waliposhuka bonde la Kabaw mwaka 1944. Nikampaka vanishi isiyong'aa, nikamkabidhi siku ya pili baada ya Alasiri.

Alimsimamisha kando ya picha, akanyamaza kitambo. Kisha akamwinua tena karibu na macho. Mkono wa kulia ulishika bunduki, wa kushoto uliachwa wazi. Akafungua kiganja chake mwenyewe, chepesi kuliko mkono wote, akauweka pembeni.

"Hapa umesahau," akasema.

Nikafungua tena vichupa.