Kuwahi Maji Quionga: Mvua, Ukungu na Saa ya Pantoni

Dereva anayepakia abiria Palma kuelekea mto Ruvuma hupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni ya njia: mchanga, mfinyanzi, na mvua iliyonyesha usiku. Ya pili ni ya bahari. Kati ya Namoto upande wa Msumbiji na Kilambo upande wa Mtwara, Tanzania, pantoni hungoja maji yajae. Yakipwa, mafungu ya mchanga huibuka mtoni na magari hubaki ukingoni. Kijiji cha Quionga, au Kionga kama wanavyoandika ng'ambo ya mto, kipo katikati ya hesabu hizo. Kwa maoni yangu, gari linapopata ajali kwenye njia kama hii wakati wa masika, tuanze kuulizia ile haraka ya kuwahi maji kabla ya kuilaumu mvua.

"Kanyaga, kaka, pantoni itatuacha," abiria husema kutoka nyuma, na dereva ambaye kwa akili yake mwenyewe angepunguza mwendo hukanyaga. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya mwambao huu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na tena jioni. Ya alfajiri hukuta ofisi za mpaka zimefungwa. Basi kila mtu hulenga ya jioni, saa ambazo wingu la mchana limeshamwaga mzigo wake njiani na jua limebakiza kama saa mbili kuzama.

Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hula meta 22 kila sekunde. Hata dereva mwepesi hutumia sekunde moja hivi tangu aone mbuzi mpaka mguu ushike breki, na meta hizo 22 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Mvua ikikuachia kuona meta 30 tu mbele, mbuzi huyo ni marehemu. Shusha mpaka kilometa 40, sekunde ileile inagharimu meta 11.

Mgeni hudhani mvua huharibu kila kitu. Kumbe mchanga mkavu ndio unaomeza matairi. Ukilowa hushikana, na gari hupita vizuri kuliko Septemba. Balaa ni mfinyanzi wa mabondeni. Hapo usukani hugeuka pambo, na ukikanyaga breki kwa ghafla gari huendelea na safari yake ubavuubavu. Gia ndogo, mguu mwepesi, na matairi yafuate alama za aliyetangulia akapita salama.

Maji yanayokatiza njia ni habari nyingine. Yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 30 yanatosha kuliinua gari dogo, na sentimeta 60 huchukua hata pikapu. Zamani utingo alishuka akapima kwa miguu. Kwenye maji yatiririkayo huko ni kumtoa mtu kafara, na jirani na Ruvuma kuna mamba na viboko, kwa hiyo waulize wenyeji au geuza. Injini ikizima ndani ya maji usiiwashe tena, maana inaweza kuvuta maji na kujivunja yenyewe. Ukifanikiwa kutoka, bonyeza breki kidogokidogo huku ukitembea ili zikauke.

Vimbunga zamani vilihesabiwa kuwa mambo ya kusini. Quionga ipo kama digrii kumi na nusu kusini ya ikweta, na kadiri unavyokaribia ikweta mzunguko wa dunia hupungukiwa nguvu ya kuusokota upepo ukawa kimbunga. Lakini tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika mkoa huu wa Cabo Delgado, wiki sita tu baada ya Idai kuipiga Beira. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipanda mpaka kisiwa cha Mafia. Kilifika kimechoka, ila mvua zake ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, Kilwa, na mabasi yakakwama. Msafiri wa Quionga mwenye safari ya Dar alikuwa na sababu ya kusikiliza tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa hata kama mbingu ya kwao ilikuwa kavu.

Wasioitaka pantoni hupandia Mueda, uwanda wa juu wa Wamakonde, ili wavukie Daraja la Umoja, lenye meta 720, lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Negomano na Mtambaswala. Hapo umekwepa maji ukaufuata ukungu. Upepo wa bahari wenye unyevu ukipanda mlima hupoa, na wingu hukaa juu ya barabara. Taa kubwa ndani yake hukurudishia mwanga usoni. Washa ndogo, au za ukungu zilizofungwa chini. Na hii tabia yetu ya kuwasha indiketa zote mbili gari likiwa linatembea naipinga waziwazi: wa nyuma hajui kama umesimama, unakwenda, au unataka kukata kulia.

Vitabu vya udereva hushauri kuegesha pembeni na kungoja ukungu upite. Ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya nchi zenye pembeni. Cabo Delgado, tangu mashambulizi ya waasi ya Oktoba 2017 Mocímboa da Praia na yale ya Machi 2021 Palma, hakuna anayependa kukaa porini na gari limezima. Kwa hiyo kituo cha kungojea huchaguliwa kabla ya kuondoka, na kiwe kijiji chenye watu. Kwa atokaye Palma kijiji hicho ni Quionga. Ukifika hapo mvua bado inapiga na saa zimekwenda, lala. Anayekosa maji ya saa kumi jioni leo, kesho yatajaa kama dakika 50 baadaye, saa kumi na moja kasoro dakika kumi hivi. Mvuvi yeyote pale atakuhesabia kwa mwezi, na kwa kuwa safari bado ipo, nauli ya abiria mwambie utingo asiirudishe.