Bei ya Siku Moja ya Mhandisi wa Programu

Septemba 2019 kampuni ya Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014 kwa kuwaajiri vijana wa Kiafrika, kuwanoa katika uandishi wa programu na kuwapangia kazi na kampuni za ng'ambo, ilitangaza kupunguza vijana wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya. Hao hawakuwa vibarua, walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Miaka michache baadaye Andela yenyewe iliuacha mtindo ule wa kuajiri, ikawa soko la kuwakutanisha wataalamu wanaojitegemea na wateja. Wakubwa wa dunia nao wakafuata: Meta iliondoa watu 11,000 Novemba 2022, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, Microsoft 10,000.

Tangu hapo swali ninaloulizwa zaidi na wahandisi wa programu wa Dar es Salaam na Arusha ni moja: kama ajira ya kudumu nayo hukatika, kwa nini nisichukue mkataba wenye fedha nyingi? Wana haki ya kuuliza, na kwa baadhi yao jibu langu ni chukua. Kinachonisumbua ni hesabu wanayokuja nayo. Karibu kila mmoja huweka mshahara wa mwezi upande mmoja na malipo ya mkataba kwa mwezi upande wa pili, akaona upande wa pili umezidi, akamaliza.

Tuchukue mfano. Mtu analipwa mshahara wa shilingi 3,000,000 kwa mwezi, yaani 36,000,000 kwa mwaka. Mwaka una siku za kazi kama 260, hivyo anaona siku yake ina thamani ya shilingi 138,000 hivi. Lakini mwajiri wake anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 juu ya mshahara huo, ambayo ni 3,600,000 kwa mwaka. Tuseme bima ya afya ni 1,500,000, na kompyuta, intaneti na umeme wa akiba ni 3,000,000. Akiondoka, vyote hivyo anavibeba mwenyewe. Ili abaki palepale alipokuwa, bila kupanda hata hatua moja, anahitaji 44,100,000.

Sasa tazama siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, ambazo ni kama siku 20 za kazi. Ongeza sikukuu, tuseme 15 zinazoangukia siku za kazi. Weka siku 10 za kuugua au kuuguza, na siku 25 za kutafuta kazi nyingine na kufuatilia madeni. Hizo 25 ndizo watu husahau, na ndizo zinazouma kuliko zote. Zinabaki siku 190 za kulipwa. Gawa, utapata shilingi 232,000 kwa siku.

Mkataba wa 4,500,000 kwa mwezi, kwa siku 22 za kazi, unatoa kama 204,500 kwa siku. Umezidi mshahara kwa nusu nzima, na bado kwa mfano huu ni hasara. Sisemi kila mtu aitumie tarakimu yangu. Anayeishi kwa wazazi ana mizigo tofauti na mwenye watoto watatu shuleni. Ninachosisitiza ni kwamba bei ya siku moja ijulikane kabla ya kuketi na mteja, maana ukishatamka bei ya chini ni vigumu kuipandisha.

Baada ya bei linakuja jambo ambalo wengi hawalisomi kabisa, nalo ni aina ya mkataba wenyewe. Mtaani tunasema "kazi ya mkataba" tukimaanisha mambo mawili yaliyo mbali sana kisheria. Lipo la ajira ya muda maalumu: wewe ni mwajiriwa, unakatwa kodi ya mshahara, una likizo, una NSSF, ila ajira yako ina tarehe ya mwisho. Kanuni za mwaka 2017 ziliweka kima cha chini cha miezi 12 kwa mikataba ya namna hiyo kwa wataalamu. Na lipo la mkataba wa huduma: wewe ni mfanyabiashara unayemuuzia mteja kazi. Likizo huna. Mkivunjiana ahadi, mlango wako wa kawaida ni mahakama ya madai, wala si Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Inapopatikana kampuni inayokupa karatasi ya aina ya pili huku ikikutaka ufike ofisini saa mbili asubuhi, uombe ruhusa ya kwenda kliniki na usifanye kazi ya mtu mwingine, hapo kuna tatizo, na sheria imeliona. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inataja viashiria vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa hata kama karatasi inasema vinginevyo. Nani anaongoza namna unavyofanya kazi na saa zako? Je, umefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Je, unamtegemea mtu huyo kiuchumi, anakupa vitendea kazi, unamfanyia yeye peke yake? Kiashiria kimoja tu kinatosha kuanzisha dhana hiyo, na mwajiri ndiye atakayepaswa kuthibitisha kinyume chake.

Wasidhani wasomaji kwamba haya ni ya nchi maskini. Microsoft iliwatumia kwa miaka mingi watu walioitwa wakandarasi, waliokaa ofisi moja na waajiriwa wakifanya kazi zilezile, wakitofautishwa kwa rangi ya kitambulisho na kukosa mafao. Walishtaki mwaka 1992. Desemba 2000 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 97 kumaliza shauri hilo. Funzo walilolipata mawakili wa kampuni nyingine za Marekani, kwa bahati mbaya, halikuwa kuwaajiri watu hao. Kampuni hizo zilizidi kuwaweka chini ya mawakala na kuwatenganisha zaidi na wenzao.

Kwa mwenye mkataba wa huduma halali, mambo ya fedha hayana huruma. Mteja wa ndani akikulipa ada ya huduma atazuia asilimia 5 na kuipeleka mamlaka ya mapato, TRA. Dai hati ya zuio kila mara, kwa sababu fedha hiyo ni kodi yako iliyotangulizwa, na bila hati huwezi kuidai unapokamilisha ritani. Kodi nyingine unaikadiria mwenyewe na kuilipa kwa awamu nne kwa mwaka. Nimeona mafundi hodari wakiyumba hapa, si kwa kukosa kazi, bali kwa kutumia malipo yote ya Februari na kukutwa na awamu ya Machi.

Bei nayo ina sarafu yake. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimepiga marufuku kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani, hivyo ile desturi ya kumtajia dola mteja wa Masaki, Dar es Salaam, imekwisha. Anayefanya kazi na mteja wa nje bado analipwa dola, na wengi huiona kuwa kinga. Lakini mwishoni mwa 2024 shilingi ilipopanda thamani ghafla, malipo yaleyale ya dola yalileta shilingi pungufu huku pango la nyumba likibaki palepale.

Halafu kuna siku ambazo huna kosa lolote. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora vibaya nchini. Mwajiriwa alikaa akisubiri, mshahara wake ukaendelea. Anayelipwa kwa saa na mteja wa Berlin alipoteza saa hizo. Ndiyo maana ninawaambia waandike katika mkataba nini kitatokea mtandao ukikatika, malipo yatafanyika siku ngapi baada ya ankara, na kwamba umiliki wa programu utahamia kwa mteja atakapokuwa amemaliza kulipa. Kipengele hiki cha mwisho kina nguvu kuliko barua kumi za kukumbusha deni.

Kwa aliyemaliza chuo mwaka jana ushauri wangu ni tofauti, na hapa sitafuni maneno: aajiriwe kwanza. Mteja wa mkataba hununua unachokijua tayari, hana sababu ya kukulipa ukijifunza. Namna ya kurekebisha mfumo wa malipo uliokwama usiku wa mwisho wa mwezi, huku wateja wakisubiri fedha zao, mtu huipata akiwa pembeni ya mwenzake aliyeyaona hayo kabla. Miaka mitatu au minne ndani ya timu nzuri ndiyo inayoifanya ile bei ya 232,000 ikubalike bila kubembeleza.

Na wenye uzoefu, walio na wateja wawili watatu na akiba ya miezi sita, ninawaunga mkono kwa moyo wote. Wanachagua kazi, wanaishi Tanga au Moshi wakitaka, na punguzo la wafanyakazi la kampuni moja haliwamalizi. Ninachowaomba ni wasiache kuchangia NSSF, ambayo hupokea pia michango ya waliojiajiri. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Aliyechangia miaka sita kazini kisha akaacha anapungukiwa na miezi 108, na miezi hiyo ni nafuu kuilipia ukiwa na miaka 33 kuliko kuanza kuitafuta ukiwa na 51.