Kinasi: mkondo unaolisha, mkondo unaoua

Aliyewahi kuvuka mto Lualaba, mashariki ya Kongo, kwa mtumbwi anajua mkondo ni nini. Mto unashuka kwenda kaskazini usiku na mchana, wala haurudi nyuma. Karibu na Kongolo, kabla haujafika Kasongo, mto huo mpana unabanwa na majabali hadi upana wa kama mita 100. Mahali hapo panaitwa Portes d'Enfer, na maji yake hukimbia kwa sababu moja: maji mengi yanalazimika kupita penye wembamba. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala mlango wa bahari, ila mlango wa bahari hugeuza mwelekeo mara nne kwa siku.

Mfano mzuri ni Kinasi, katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, mkabala na delta ya Rufiji. Kinasi ni mwanya kwenye mwamba unaounganisha Ghuba ya Chole na Bahari ya Hindi. Maji yakijaa, bahari huingia ghubani kupitia hapo. Yakipwa, hutokea hapo hapo. Kujaa huchukua takriban saa 6 na dakika 12, na kupwa vivyo hivyo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na mkondo huwa mkali kuliko siku nyingine. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu na mkondo hulegea.

Mahali penye msukosuko namna hii pangetarajiwa kuwa patupu, lakini pamejaa uhai. Tumbawe halitembei kutafuta chakula, linangoja kuletewa. Chukua lile tumbawe lenye umbo la upepeo. Limesimama likiukingama mkondo, uso mzima ukipokea maji, na juu ya matawi yake kuna vinywa vidogo visivyohesabika, kila kimoja kikizungukwa na minyiri minane inayonasa vijidudu vinavyopita. Mkondo huleta chakula hicho, huleta oksijeni, na huzuia tope lisitulie na kuyafukia matumbawe. Nyuma ya matumbawe hufuata wengine: samaki wadogo wanaokula vijidudu hivyo, kolekole wanaowawinda, chewa wanaojibanza nyuma ya jabali ambako maji ni mapole, mkunga kwenye mashimo, kasa na taa. Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Humo kuna aina zaidi ya 400 za samaki.

Mzamiaji anayetaka kuyaona haya huanza na saa, hata kabla ya kugusa mtungi wa hewa. Kinasi huzamiwa maji yanapojaa, kwa sababu mbili. Kwanza, maji yanayoingia hutoka bahari kuu na ni maangavu, ilhali yanayotoka hubeba uchafu wa mikoko na mchanga wa ghuba. Pili, maji ya kujaa humsukuma mzamiaji ndani ya ghuba, kwenye usalama. Ya kupwa humpeleka bahari kuu.

Akishazama, hashindani na maji. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake juu ya mwili huongezeka mara nne. Mkondo wa noti moja, yaani kama nusu mita kwa sekunde, unatosha kumchosha mwogeleaji hodari kwa dakika chache. Kwa hiyo mzamiaji huuachia mkondo uende naye, akikaa karibu na mwamba ambako maji hupunguza kasi, huku mashua ikifuata boya lake juu. Akitaka kutoka kwenye mkondo, hukata ubavuni. Wala asishike tumbawe kujizuia: tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na mshiko mmoja unaweza kuharibu kilichokua kwa miaka mingi.

Hatari nyingine imo katika hewa yenyewe. Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 20 kanieneo ni mara tatu ya nchi kavu, na mtungi huisha mara tatu upesi; anayepigana na mkondo huumaliza mapema zaidi. Hewa iliyojaa mapafuni kwenye mita 10 huwa mara mbili ikifika juu. Anayepanda akiwa amezuia pumzi anaweza kupasuka mapafu. Naitrojeni nayo huyeyuka katika damu, na mtu akipanda haraka hutoka kwa mapovu yanayoweza kupooza au kuua. Ndiyo maana hupandwa polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kupumzika dakika 3 kwenye mita 5.

Sheria hizi zinatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari. Katika mito ya mashariki ya Kongo, kama Ulindi, wako vijana wanaozamia kutafuta dhahabu wakivuta hewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa ya drage, yaani mashine ya kufyonza mchanga wa mto. Mapafu yao ni yale yale, na mto hauna maji mafu ya kungojea. Wenye madrage, wekeni mdomo wa kuingizia hewa mbali na moshi wa injini, upande upepo unakotoka, kwa maana gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua kimya. Pasikosekane mtu juu anayeshika kamba na kuiangalia mashine. Mto ukifurika, msimteremshe mtu. Na wewe unayezama, usizuie pumzi unapopanda, na panda polepole. Dhahabu itangoja mpaka maji yapungue.