Subira au Ngoja Ngoja? Niliyojifunza Nikitafuta Uanagenzi wa Sheria Homa Bay na Migori

Kila ikifika Disemba simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa kwetu Pwani waliomaliza masomo ya sheria. Swali ni lile lile: "Dada, nimepata nafasi mji mdogo, lakini nasubiri jibu la Nairobi. Nifanyeje?" Huwa nawajibu mmoja mmoja. Leo nimeona niandike, ili na wazazi wasome, maana mara nyingi wao ndio wanaogharamia kusubiri huko.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe. Mtu akipata shahada ya sheria Kenya bado si wakili. Huenda Kenya School of Law, Karen, akafanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na akakaa miezi sita chini ya wakili akijifunza kazi. Miezi hiyo ndiyo uanagenzi. Wakili wa kumlea lazima awe na uzoefu usiopungua miaka mitano. Bila kukamilisha haya, huwezi kupeleka ombi kwa Jaji Mkuu uapishwe na kutia sahihi katika orodha ya mawakili. Kwa hivyo mwezi unaopotea kabla ya kuanza ni mwezi unaosogeza mbele siku ya kuvaa joho, na siku ya kuanza kujitegemea.

Shida ni kwamba darasa zima humaliza mitihani wakati mmoja, mwishoni mwa mwaka, na wote hutafuta nafasi kwa pamoja. Isitoshe, Mahakama Kuu hufunga kwa likizo kuanzia tarehe 21 Disemba hadi 13 Januari. Mawakili wengi nao hufunga ofisi au huacha karani mmoja wa kupokea barua.

Mimi sikulijua hilo. Nilituma barua kumi na nne tarehe 18 Disemba, nikakaa nyumbani Mji wa Kale nikisubiri simu. Haikuja hata moja mpaka katikati ya Januari, kampuni moja kubwa ya Nairobi iliponiita kwa mahojiano. Yalikwenda vizuri. Waliniambia, "Tutakujulisha ndani ya wiki mbili." Nilirudi Mombasa nikiwa nimeshajiona kwenye lifti ya jengo lile.

Wiki mbili zilipita. Mwanzoni mwa Februari nikapigiwa simu na wakili mmoja wa Homa Bay. Alikuwa na ofisi ndogo, yeye na karani wake. Hakuniita kwa mahojiano yoyote. Alisema tu, "Barua yako nimeisoma. Jumatatu ijayo unaweza kuanza?"

Nikamwomba wiki moja ya kufikiria. Sikumwambia sababu. Niliona haya kumwambia kwamba kuna mahali ninapopapenda zaidi. Mama, ambaye alikuwa amekopa kwenye chama ili nipate nauli na kodi ya miezi ya kwanza, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, subira yavuta heri, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Wewe unafanya ipi?" Nikamwambia ni subira.

Siku ya saba nilimpigia yule wakili wa Homa Bay. Akanijibu kwa upole kwamba kuna kijana aliyefika ofisini kwake na begi lake, na ameshaanza. Hakuwa na kosa. Alikuwa na kesi wiki ile na alihitaji mtu. Jibu la Nairobi, la ndiyo au la hapana, halijanifikia hadi leo.

Nilianza uanagenzi wangu mwezi Mei, mjini Migori, baada ya wenzangu wengi kufika nusu ya safari. Miezi mitatu ilikwenda bure, na deni la chama mama akalilipa kwa kuuza mahamri alfajiri.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu hapo, na nimeona kosa langu halikuwa kutamani Nairobi. Kosa langu lilikuwa kutoelewa jinsi majibu yanavyokuja.

Ofisi kubwa hupokea barua nyingi, huita watu kwa makundi, hukaa vikao, husubiri mshirika aliyesafiri arudi. Ofisi ndogo ya Homa Bay au Migori huamua siku moja, kwa sababu mwenye kuamua ni mmoja na kazi iko mezani. Kwa hivyo nafasi usiyoitamani sana karibu kila mara hutangulia ile unayoitamani. Si bahati mbaya, ndivyo mambo yalivyo. Ukijua hivyo mapema hutashtuka.

Uingereza wamejaribu kulitatua hili kwa wanaotaka kuwa mawakili wa mahakamani. Kule kuna mfumo mmoja wa mtandaoni, Pupillage Gateway, wenye ratiba ya pamoja ya kutuma maombi na ya kutoa majibu. Mwombaji anaweza kulinganisha nafasi zake kwa wakati mmoja. Sisi, kwa ofisi za binafsi, hatuna ratiba kama hiyo. Kila ofisi ina saa yake, na anayebaki katikati ni mwanafunzi.

Basi kijana wangu, fanya hivi. Barua zako zitoke kabla ya mitihani, Septemba au Oktoba, wakati Mahakama Kuu imetoka likizo ya Agosti inayoisha tarehe 15 Septemba na ofisi zina watu. Usingoje Disemba kama mimi. Na usitume Nairobi na Mombasa peke yake.

Ukipewa nafasi, shukuru, kisha uulize waziwazi: "Naomba nikupe jibu siku fulani, itakufaa?" Taja siku, usiseme "nifikirie kidogo." Halafu siku hiyo hiyo ipigie simu ile ofisi unayoisubiri, uwaambie ukweli: nimepata nafasi kwingine, natakiwa kujibu Ijumaa, je, mna uamuzi? Huku si kuwatishia. Wakikutaka watasema. Wakijibu "bado tunaangalia," hilo nalo ni jibu. Ijumaa ikifika, shika kilicho mkononi.

Ukiahidiwa wiki mbili na zikapita, ulizia mara moja baada ya siku chache. Ukikosa jibu tena, lihesabu kuwa ni hapana na uendelee. Na ukishakubali mahali, andikia ofisi nyingine zote ujiondoe siku hiyo. Kiti unachokikalia kwa mawazo tu kinamzuia mwenzako aliyeko nyumbani akiangalia simu.

Kabla ya kuanza, uliza Kenya School of Law ni fomu zipi zinatakiwa na siku zako zitahesabiwa kuanzia lini. Usifanye kazi miezi kwa imani tu kisha ukute karatasi hazikufika.

Na msidharau miji ya mbali. Migori iko njiani kuelekea mpaka wa Isebania, na ofisini kwetu waliingia wakulima wa miwa wa Awendo, wachimbaji dhahabu wa Nyatike, wafanyabiashara wenye mali pande zote mbili za mpaka. Katika mahakama za mahakimu lugha ni Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili changu cha nyumbani nilichodhani kingebaki Mombasa ndicho kilichonipa kazi ya maana: kukaa na wateja, kusikiliza habari ya shamba la marehemu babu, kuiandika ikawa hati ya kiapo. Mwanagenzi haruhusiwi kumsemea mteja mbele ya hakimu, lakini nilikaa nyuma ya mlezi wangu karibu kila siku, nikajua masjala ya mahakama kama ninavyojua Marikiti. Rafiki yangu aliyepata jengo lenye lifti aliniambia miezi yake miwili ya mwanzo ilipita akipanga mafaili.

Kwa mawakili wenye ofisi nina ombi moja. Andikeni hapana. Mistari miwili ya barua pepe yatosha. Kijana aliyekataliwa Januari anaweza kuanza kwingine Februari. Asiyejibiwa hukaa.

Mwaka jana binti mmoja wa Likoni alinipigia kutoka kituo cha basi cha Mwembe Tayari. Alikuwa na nafasi Homa Bay ya kuanza Jumatatu, na ofisi moja ya Nairobi ilimwambia asubiri kidogo. Nilimwuliza, "Kidogo ni siku ngapi?" Hakuwa na jibu. Akakata tikiti ya basi la usiku.