Mafuta mengi sahanini, mishipa ya ubongo hatarini



Unajua vema kazi ya bomba la kutoa maji mgodini. Likizibwa na matope, maji hupanda na kazi husimama. Kichwani mwako pia mna mabomba: mishipa midogo ya damu. Ubongo ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni. Mishipa huuletea oksijeni na chakula, tena husaidia kuondoa takataka zake.

Mwaka 1906 munganga Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa wa mwanamke aliyepotewa na ukumbusho kabla ya uzee. Katika ubongo wake alikuta uchafu uliogandamana. Uchafu huo, amiloidi, waweza kushika hata katika kuta za mishipa.

Mafuta yanaingiaje hapo? Karibu nusu ya mafuta ya ngazi, na sehemu kubwa ya mafuta ya nyama, ni ya namna inayopandisha kolesteroli katika damu. Ukiyala mengi kila siku, mishipa hukazana na kuwa myembamba, damu hupita kwa shida. Katika panya waliolishwa mafuta mengi, wanganga waliona ukuta unaolinda ubongo ukivuja.

Mafuta si sababu ya peke yake: uzee na ukoo vina nguvu. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa gazeti The Lancet waliitia kolesteroli mbaya katika hatari 14 zinazoweza kupunguzwa, pamoja na tansio na ugonjwa wa sukari.

Basi, fanya hivi:
– Mafuta ya sombe yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe toka chupani.
– Punguza vya kukaanga. Ongeza samaki, maharagi, mboga na matunda.
– Acha tumbako. Tembea kwa miguu.
– Pimisha tansio na sukari hospitalini, hata kama huumwi. Ukifika miaka 40, usingoje pensheni.

Na kama mzee wa nyumbani anasahau njia ya kwake, au anauliza neno lilelile mara kumi, usimwite mlozi. Yeye ni mgonjwa. Mpeleke kwa munganga.

Kofia ya kazi hulinda kichwa kwa nje. Chakula chema hukilinda kwa ndani.