Maandishi yetu tuyapeleke wapi?

Mara nyingi, tunapotembelea parokia ao tunapohubiri mafungo, mtu hutuita kando. Pengine ni mseminaristi, pengine katekista mzee, pengine padri mwenzetu. Anatoa daftari mfukoni, naye anauliza: "Padri, hii nimeiandika mimi. Niipeleke wapi?" Hatupendi kumjibu mtu wa namna hii kwa maneno ya kumtuliza tu. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa utaratibu.

Nalo si jambo dogo. Twamkumbuka katekista mmoja aliyeandika habari za misioni yake tangu mwanzo: majina ya wabatizwa wa kwanza, nyimbo za zamani, mashauri ya machifu na mapadri. Yalikuwa madaftari manne. Alipokufa tulikwenda kumzika, na baada ya matanga tuliuliza madaftari yako wapi. Mchwa walikuwa wamekwisha kuyala. Lilibaki jalada moja. Mambo yale hakuna mwingine aliyeyajua. Tangu siku ile hatukubali tena neno la wale wasemao ya kwamba kutaka kuchapwa ni majivuno.

I. WALIOTUTANGULIA WALIPITIA MLANGO GANI?

Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo wa nyakati hizi, alipata upadri mwaka 1917. Lakini hakungoja upadri ndipo aandike. Alikuwa angali mseminaristi, upande wa ziwa Tanganyika, alipoandika juu ya roho na mawazo ya Wabantu. Maandishi yake yalitokea mwaka 1910-1911 katika La Revue congolaise ya Bruxelles, yaani katika gazeti ambalo wasomaji wake walitaka kujua mambo ya Kongo.

Mwaka 1945 lilianza kule Léopoldville gazeti La Voix du Congolais. Antoine-Roger Bolamba aliliongoza, na Wakongomani wengi walijifunza kuandika ndani yake. Paul Lomami Tchibamba aliandika humo. Kisha hadithi yake Ngando ikapewa zawadi katika mashindano ya Bruxelles mwaka 1948. Bolamba mwenyewe alifanya kazi ya gazeti miaka kumi, ndipo Présence Africaine ya Paris ikamchapia mashairi yake Esanzo, mwaka 1955.

Hata Padri Tempels, mmisionari wa Katanga, hakuanzia Ulaya. Kitabu chake La philosophie bantoue kilichapwa kwanza Elisabethville mwaka 1945. Présence Africaine ilikichapa tena Paris mwaka 1949, na tangu hapo kikajulikana duniani.

Tuchukue mfano mwingine, wa seminari. Mwaka 1960, katika chuo cha Lovanium, Tharcisse Tshibangu, angali mwanafunzi, alibishana kwa heshima na mwalimu wake, Padri Alfred Vanneste, juu ya teolojia ya Kiafrika: yawezekana, ao haiwezekani? Maneno yao yalichapwa mwaka ule ule katika Revue du Clergé Africain, gazeti la Mayidi, katika Bas-Congo. Gazeti lile halichapwi tena, lakini mabishano yale yanasomwa hata leo popote inapofundishwa teolojia ya Afrika. Mwanafunzi yule baadaye akawa askofu.

Mifano hii yatufundisha jambo moja. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa kupeleka kitabu kikubwa kwenye nyumba ya mbali isiyomjua. Kila mmoja alipata kwanza mlango wa karibu na kazi yake: gazeti ambalo wasomaji wake walikuwa wakitafuta neno lile lile, ao mashindano yaliyotangazwa, ao mchapaji wa mji wake. Ule wa mbali ulifunguka baadaye.

II. MILANGO YA LEO

1. Mlango wa kwanza ni gazeti la jimbo, la seminari ao la shirika. Tusilidharau. Humo mwandishi hujifunza kufupisha, kukubali kusahihishwa, na kutimiza siku aliyoambiwa. Tena mtu akituma maandishi mahali pengine, akaweza kusema "nimekwisha kuchapwa hapa na hapa", neno lile lamsaidia.

2. Kule Kinshasa liko gazeti Congo-Afrique, la Wayezuiti wa CEPAS. Lilianza mwaka 1961 kwa jina la Documents pour l'Action. Lahusika na mambo ya uchumi, ya jamii na ya utamaduni. Telema, iliyoanza mwaka 1975, yahusika zaidi na imani na utamaduni wetu. Na kule Bukavu, Institut Supérieur Pédagogique ina Cahiers du CERUKI kwa wenye kufanya uchunguzi. Haya yote huandikwa kwa Kifaransa.

3. Kwa vitabu, Médiaspaul ya Kinshasa, ya watawa wa Mtakatifu Paulo, huchapa vitabu vya dini, vya malezi na vya hadithi. Présence Africaine, iliyoanzishwa na Alioune Diop mwaka 1947, ingaliko Paris. Lakini mlango wake ni mwembamba, na anayebisha hapo aje na kazi iliyokomaa.

4. Kwa wenye kuandika Kiswahili, Masista Wapaulo wana nyumba ya kuchapa Nairobi, na Wabenediktini wanayo kule Ndanda, katika Tanzania. Nyumba hizi hufuata Kiswahili sanifu. Basi, kabla ya kutuma, tumpe maandishi yetu mtu aliyesoma upande ule, ayapitie. Si kwamba Kiswahili chetu cha Kongo ni kibaya. Lakini mchapaji hufikiri wasomaji wake. Kwa riwaya na mashairi iko pia zawadi iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa ajili ya maandishi ya Kiswahili, hata yale ambayo hayajachapwa. Zawadi kama hiyo ina siku yake ya mwisho na masharti yake. Anayeitaka asome tangazo la mwaka wenyewe.

III. NAMNA YA KUCHAGUA NA KUTUMA

Kwanza, soma gazeti kabla ya kuliandikia. Chukua namba tatu za nyuma katika maktaba ya seminari. Tazama: makala ni ya kurasa ngapi? Wanaandika kwa wataalamu, ao kwa watu wote? Wanakubali mashairi? Mara nyingi, ndani ya jalada ao mwishoni, utakuta anwani na maagizo kwa waandishi. Yafuate neno kwa neno. Makala mengi hurudishwa kwa sababu moja tu: si ya pale yalipopelekwa. Hotuba ya misa, hata ikiwa nzuri, haiwi makala ya uchunguzi. Nayo tezi ya chuo haiwi kitabu mpaka iandikwe upya, ipunguziwe maelezo ya chini, na ifikiri msomaji asiye mwalimu wako.

Pili, andika barua fupi. Sema wewe ni nani, umeandika nini, ni kurasa ngapi, na kwa nini wasomaji wao watafaidika. Mistari kumi yatosha. Usijisifu, wala usiombe huruma. Kwa kitabu, wachapaji wengi hutaka kwanza muhtasari pamoja na sura moja ao mbili. Usiwapelekee kurasa mia tatu ambazo hawakuziomba.

Tatu, usitume daftari lenyewe. Nakili kwa mashini ao kwa kompyuta, na nakala moja ikae kwako, nyingine kwa mtu unayemwamini. Aliye mbali na umeme apige picha za kurasa zake kwa telefone na kuzipeleka kwa rafiki wa mjini. Katekista wetu angalifanya hivyo, tungalikuwa na nyimbo zile leo.

Nne, makala moja usiyatume kwa magazeti mawili kwa wakati mmoja. Wakikubali wote wawili, utamwaibisha mmoja wao, naye hatakusahau. Ngoja miezi mitatu ao minne, kisha uliza kwa upole. Kama hawajibu, waandikie ya kwamba unayachukua maandishi yako, ndipo uyapeleke pengine.

Tano, ukikataliwa, usitupe kalamu. Kama wameeleza sababu, hiyo ni zawadi, wengi hawaelezi. Sahihisha, kisha bisha mlango wa pili.

IV. RUHUSA YA EKLEZYA

Hapa wengine huogopa kuliko inavyopasa, na wengine hawaogopi hata kidogo. Sheria ya mwaka 1917, kanuni 1386, ilimkataza padri kuchapa hata kitabu cha mambo ya dunia pasipo ruhusa ya mkuu wake. Sheria ya mwaka 1983 imelegeza. Leo ruhusa ya Askofu yatakiwa kwa katekismu na maandishi ya kufundishia dini (kanuni 827, § 1), na kwa vitabu vya sala (kanuni 826, § 3). Vitabu vya Maandiko Matakatifu, vya teolojia, vya sheria ya Eklezya, vya historia ya Eklezya na vya maadili haviwezi kutumiwa shuleni kama vitabu vya msingi pasipo kibali chake (kanuni 827, § 2). Kwa vitabu vingine vya dini, sheria yashauri tu vipelekwe kwa Askofu. Mtawa anayeandika juu ya dini ao maadili aombe ruhusa pia kwa mkuu wake (kanuni 832).

Riwaya na mashairi hayamo katika orodha hii. Lakini mseminaristi amwambie rekta wake. Hilo ni jambo la adabu na la busara. Tena tujue haki yetu: Askofu asipotoa ruhusa, sheria yamtaka amweleze mwandishi sababu (kanuni 830, § 3). Basi, kuomba ruhusa si kujifunga kamba shingoni. Msomaji wa Askofu mara nyingi ndiye msomaji wa kwanza aliyeisoma kazi yetu yote mpaka mwisho.

V. MTEGO

Siku hizi barua pepe nyingi huwafikia wanafunzi waliomaliza tezi. Zinasifu, zinaahidi kuchapa upesi. Sisi wenyewe tulipata moja ya namna hiyo. Iliisifu sana kazi yetu, lakini jina la kazi hiyo walikuwa wameliandika kwa makosa. Hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja. Tulipojibu, wakaanza kuhesabu fedha tunazopaswa kulipa.

Tushike alama hizi. Mchapaji wa kweli husoma kwanza, naye aweza kukataa. Husahihisha. Hutoa mkataba ulioandikwa, unaosema nani mwenye haki, vitabu vingapi vitachapwa, mwandishi atapata nini. Mara nyingi ni asilimia 10 ya bei, ao chini yake. Akuambiaye ulipe, ao ununue vitabu vyako mwenyewe kwa mamia, yeye auza kazi ya mashini tu. Kazi hiyo si dhambi: parokia ikitaka kuchapa nyimbo zake kwa fedha zake, na iende kwa mwenye mashini, ipatane bei. Lakini tusidanganyike kwamba tumechaguliwa. Wala tusitie sahihi mkataba unaochukua haki zote kwa siku zote, kabla ya kumwonyesha mtu anayeelewa.

Wandugu wapenzi, Mtakatifu Luka alichunguza mambo tangu mwanzo, akayaandika kwa taratibu. Naye alijua jina la msomaji wake, yaani Teofilo. Sisi nasi, kabla ya kuuliza "niipeleke wapi?", tuulize "nimemwandikia nani?" Aliye na jibu hilo amekwisha kupata nusu ya anwani. Na yule mwenye daftari chini ya mto, tunamsihi: juma hili anakili kurasa kumi za kwanza. Mchwa hawangoji.